Ushahidi na Ushuhuda

Msitu wa Enguserosambu uko kaskazini mwa Wilaya ya Ngorongoro, na wazee wa Kimasai wa huko wanaijua miti yake kama wanavyoijua mifugo yao. Gome la mti wa olkiloriti huchemshwa kwenye supu ya nyama. Mwulize mzee kama linasaidia, atakwambia amelinywa tangu ujana na miguu bado inambeba. Kauli hiyo ina jina lake: ushuhuda. Mimi nataka kueleza ndugu yake, ushahidi.

Maneno haya yamezaliwa na mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kuona na kuwapo. Kiswahili kimeyatenganisha, na kimefanya vema. Kanisani mtu hutoa ushuhuda, si ushahidi. Mahakamani kuna Sheria ya Ushahidi, na humo shahidi huhojiwa na upande unaompinga, tena panga lenye damu hupokelewa kama kielelezo ingawa halisemi. Ushuhuda hauachani na msemaji wake. Ushahidi unaweza kuchukuliwa, ukakaguliwa na mtu asiyekuamini hata kidogo. Ndiyo maana sayansi ilichagua neno hilo.

Tazama Laetoli, katika wilaya hiyohiyo ya Ngorongoro. Mwaka 1976 zilionekana nyayo tano zilizofuatana kwenye majivu ya volkano yaliyogeuka mwamba, yenye umri wa miaka milioni 3.66. Zilikuwa pana na za ajabu, hata mguu mmoja ulivuka mbele ya mwingine. Miaka miwili baadaye kikundi cha mtafiti Mary Leakey kilipata nyayo nyingine, nzuri na zinazosomeka, na zile za kwanza zikasahauliwa. Kukawa na dhana kwamba huenda ni za dubu aliyesimama kwa miguu miwili.

Mwaka 2019 watafiti, akiwamo Mtanzania Charles Musiba, walizifukua upya, wakazisafisha na kuzipima. Wenzao Marekani walikwisha kuwarekodi dubu wa porini kwa saa nyingi: walitembea kwa miguu miwili kwa nadra mno, tena kwa kuyumba. Na kati ya maelfu ya mabaki ya wanyama yaliyopatikana Laetoli, hakuna hata mfupa mmoja wa dubu. Mwaka 2021 jarida la Nature likachapisha hoja yao: aliyepita pale alikuwa wa ukoo wa binadamu. Mwamba ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni maswali.

Kwa hiyo napata shida kila gazeti linapoandika “imethibitishwa kisayansi” kwa utafiti mmoja wa juzi. Kuthibitisha ni kufunga mjadala. Ithibati ni ya mwanahisabati. Mchimbaji wa Laetoli ana ushahidi, mwingi au haba, na kesho anaweza kuletewa mwingine. Tuandike “ushahidi unaonyesha”. Ukweli hautapungua kwa hilo.

Mwaka 2011 maneno yetu mawili, ushuhuda na ushahidi, yaligongana mbele ya macho yetu. Kijijini Samunge, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kama Babu wa Loliondo, aligawa kikombe cha dawa ya mizizi ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Ushuhuda ulikuwa mwingi, na wengi walioutoa walisema kwa moyo safi: nilikuwa na kisukari, sasa najisikia mzima. Lakini kujisikia si kupimwa, na aliyefia njiani au nyumbani hakurudi kushuhudia. Wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi. Wataalamu wa Serikali walieleza kwamba dawa ile haikuwa na sumu. Hilo ni jibu la swali jingine, si la kama inaponya.

Babu mwenyewe alisema wazi kwamba kikombe kinafanya kazi kikitolewa kwa mkono wake tu, kwa uwezo wa Mungu. Kama imani, sentensi hiyo imekamilika. Kama ushahidi, imefunga mlango, maana mtu mwingine hawezi kuchemsha mzizi uleule mahali pengine na kuona kama atapata matokeo yaleyale. Babu alifariki 30 Julai 2021. Mugariga bado unaota vilimani, lakini kwa kanuni yake hakuna tena wa kutoa kikombe kile kikapimwa.