Siku Mbili za Mapumziko katika Mji wa Iringa

Wahenga walisema, mkaa bure si sawa na mtembea bure. Hutokea kwamba mume na mke waishio Mbeya, wakiisha kumaliza kazi za juma, hufunga safari siku ya Ijumaa kwenda kupumzika Iringa. Hutamani kuuona mji wa kale uliokaa juu ya kilima, ambao wenye kuusifu husema kuwa umehifadhi urithi wa Kizungu. Haja yao ni njema, wala hapana wa kuwalaumu. Lakini yafaa kuuliza: huo uitwao urithi wa Kizungu ni mali ya nani, na ulipatikana kwa gharama gani?

Wasafiri hao hutoka katika mji ambao wenyewe ni mtoto wa zama za Wazungu. Mbeya, chini ya mlima Loleza, ulianzishwa katika miaka ya 1920, wakati dhahabu ya Lupa ilipowavuta watu wa mataifa mengi. Iringa ni mkubwa wake kwa umri, na kuzaliwa kwake kulikuwa kwa namna nyingine. Mbeya uliitwa na dhahabu. Iringa uliitwa na vita.

Njia yenyewe yaanza kuwafunza. Barabara kuu ya kutoka Zambia kwenda Dar es Salaam hupita Makambako na Mafinga, na baada ya mwendo wa zaidi ya kilomita 300 mji huwa u karibu. Kabla ya kuufikia, kando ya njia, pana bonde la Isimila. Mahali hapo palitambuliwa mwaka 1951, na katika miaka ya 1957 na 1958 wataalamu walichimba wakapata shoka za mawe zilizochongwa na watu wa kale mno. Utawala wa Wazungu katika Iringa, wa Wajerumani na wa Waingereza pamoja, ulidumu miaka 65, tangu 1896 hata 1961. Mwenye kupita Isimila kwanza hufika mjini akiwa na kipimo cha haki cha urefu wa wakati.

Mjini wasafiri huliona Boma, jengo la zama za Wajerumani ambalo tangu mwaka 2016 limekuwa makumbusho. Huyaona pia makaburi ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wajerumani, walioletwa na ugomvi wa Ulaya kuja kufa katika baridi ya Uhehe. Jioni hupanda jiwe la Gangilonga, wakatazama mapaa ya mji na bonde la Ruaha Ndogo. Wakikomea hapo, watarudi Mbeya wakisema kuwa wameuona mji wa Wajerumani. Neno hilo lina kweli nusu.

Jina lenyewe lakanusha nusu ya pili. Iringa latokana na neno la Kihehe, lilinga, maana yake ngome. Ngome hiyo ilikuwa Kalenga, kiasi cha kilomita 15 upande wa magharibi, nayo ilikuwa makao ya Mtwa Mkwawa, yenye ukuta wa mawe. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, jeshi la Mkwawa lilimvizia Emil von Zelewski, ambaye Wahehe walimwita Nyundo. Akauawa yeye na sehemu kubwa ya askari wake. Miaka mitatu baadaye Wajerumani walirudi wakiongozwa na Gavana von Schele, na tarehe 30 Oktoba 1894 Kalenga ilianguka. Mkwawa aliponyoka. Mwaka 1896 Tom von Prince, aliyejulikana kwa jina la Bwana Sakarani, alijenga kituo kilimani, na jina la ngome iliyovunjwa likahamishiwa mji mpya. Wajerumani waliita Kalenga Iringa ya Kale, na mji wao Iringa Mpya. Hivyo mshindi alijenga nyumba yake, lakini jina la kuiita alilazimika kuliazima kwa aliyeshindwa.

Basi wageni wa kwanza wa Kizungu kufanya maskani katika mji huo walikuwa mume na mke vilevile. Von Prince alifuatana na mkewe, Magdalene, ambaye mwaka 1903 alichapisha mjini Berlin kitabu cha maisha yake katika bara la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Walitafuta raha ya nyumbani katikati ya vita isiyokwisha. Mwishoni mwa mwaka 1896 Mpangile, nduguye Mkwawa, alisimikwa na von Prince awe mtawala wa Wahehe; mwanzoni mwa mwaka 1897 akanyongwa, kwa kushukiwa kuwa alimsaidia nduguye. Juu ya kichwa cha Mkwawa iliwekwa zawadi ya rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898, pale Mlambalasi, wafuasi walipomkaribia, Mkwawa alijipiga risasi kuliko kutekwa. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa kwa von Prince Iringa. Von Prince naye aliuawa katika vita vya Tanga mwezi Novemba 1914, na Iringa ikatekwa na Waingereza mwaka 1916.

Kichwa hicho hakikusahauliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliiamuru Ujerumani ikirudishe ndani ya miezi 6. Haikufanya hivyo. Mwishowe Gavana Edward Twining alilichagua fuvu moja miongoni mwa mafuvu yaliyokuwa katika makumbusho ya Bremen, kwa kulinganisha vipimo vyake na vya jamaa za Mkwawa. Na tarehe 19 Juni 1954 alimkabidhi Mtwa Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, huko Kalenga. Wako wataalamu walioshuku kama fuvu hilo ndilo hasa. Shaka yao ina uzito, lakini haibatilishi dai la waliolingoja: kwamba mtu aliyekufa kwa ajili ya nchi yake azikwe au ahifadhiwe kati ya watu wake. Walingoja miaka 56.

Kwa hiyo safari ya siku mbili haikamiliki mjini. Yapasa Jumapili asubuhi wasafiri waende Kalenga, wasimame katika nyumba ndogo ya makumbusho mbele ya fuvu hilo, kisha ndipo warudi Mbeya. Boma halitapungua uzuri kwa kuonwa hivyo, maana mawe yake yalibebwa na mikono ya wenyeji, na historia yake ni yao hata pale ilipowaumiza. Lakini watu wawili waliokwenda Iringa kutafuta mapumziko watakuwa wamejua kwamba katika nchi hiyo yuko aliyenyimwa mapumziko kwa zaidi ya nusu karne, na kwamba mji waliolala ndani yake hata leo waitwa kwa jina la ngome yake.