Rekodi Bila Shahidi: Jinsi Wacheza Gemu Walivyojifunza Kuhukumiana

Sekunde 5.51. Kwa zaidi ya miaka 30 namba hiyo ilikaa kileleni mwa jedwali la Dragster, gemu ya mbio za magari iliyotengenezwa na David Crane wa kampuni ya Activision mwaka 1980. Mwenye rekodi alikuwa Mmarekani Todd Rogers, aliyesema aliiweka mwaka 1982. Activision waliikubali kwa utaratibu wao wa siku zile: mchezaji anapiga picha kioo cha televisheni, anaituma kwa posta, naye anarudishiwa beji ya kitambaa. Baadaye kitabu cha Guinness nacho kikaiandika. Wachezaji waliomfuata walifika 5.57 wakagota hapo. Walirudia na kurudia, wakaamini kwamba upungufu uko kwenye vidole vyao.

Rekodi hiyo haikuwa na kanda ya video ambayo mtu angeweza kuitazama. Ilikuwa na sifa ya mwenyewe, ambaye baadaye aliwahi kuwa mwamuzi wa shirika lililotunza majedwali ya rekodi za gemu. Katika kisa hicho kimoja yamo karibu magomvi yote ambayo wapenzi wa gemu wamekuwa nayo kwa miongo minne: nani ana haki ya kuhukumu, anahukumu kwa ushahidi gani, na anayetuhumiwa anasikilizwa wapi.

Majedwali yenyewe yalianzia katika mji mdogo wa Ottumwa, jimbo la Iowa. Huko Walter Day alifungua ukumbi wa mashine za gemu tarehe 10 Novemba 1981 na kuuita Twin Galaxies. Kabla ya hapo alikuwa amezunguka kumbi nyingi za Marekani akinakili alama za juu alizozikuta kwenye mashine. Tarehe 9 Februari 1982 alitangaza kwamba alama hizo sasa zina makao: jedwali la taifa zima, likitunzwa Ottumwa. Simu zikaanza kuingia. Mchezaji wa California au Florida akivunja rekodi, mwenye ukumbi alipiga simu kuthibitisha, na Day akaandika.

Utaratibu huo ulisimama juu ya neno la mtu. Mwenye ukumbi alikuwa shahidi, lakini pia alikuwa mfanyabiashara ambaye bingwa wa mtaani kwake angemletea vijana wenye sarafu mifukoni. Day hakuwa na njia ya kuwafikia wote kwa macho yake. Alichokuwa nacho ni kuwajua watu, na mwenye jina alikuwa rahisi kuaminiwa kuliko asiye na jina. Ukumbi wa Ottumwa ulifungwa mwaka 1984. Jedwali likaendelea kuishi kwa jina hilohilo la Twin Galaxies, na tabia hiyo ya kupima ukweli kwa ujamaa ikaendelea nalo.

Njia nyingine ilizaliwa mtandaoni, mbali na kumbi. Gemu ya Doom ilipotoka Desemba 1993, ilikuja na uwezo wa kurekodi mchezo katika faili dogo. Faili hilo halikubeba picha bali lilihifadhi kila amri aliyoitoa mchezaji, kitufe kwa kitufe, na mtu yeyote mwenye Doom aliweza kulifungua na kuiona safari yote ikijirudia kwenye kompyuta yake. Mwaka 1994 wachezaji walianzisha COMPET-N, orodha ya waliomaliza hatua za Doom kwa muda mfupi zaidi, na kila muda uliambatana na faili lake. Quake ilipofuata mwaka 1996, wachezaji walishirikiana kuimaliza gemu nzima katika kiwango kigumu kuliko vyote kwa dakika 19 na sekunde 49, na mwaka 1997 wakasambaza kazi hiyo kwa kila aliyetaka kuitazama.

Huo ulikuwa mgeuko mkubwa kuliko ulivyoonekana wakati ule. Ottumwa, swali lilikuwa: unamwamini nani? Kwa watu wa Doom swali likawa: umelifungua faili? Kijana asiyejulikana na mtu yeyote aliweza kumshinda bingwa, na bingwa aliweza kulichambua faili la kijana huyo sekunde kwa sekunde kabla ya kumpisha. Hakukuwa na haja ya kumjua, kumpenda wala kuishi naye mji mmoja.

Hata hivyo faili nalo linaweza kupikwa. Mwaka 2003 video ya Super Mario Bros. 3 ilienea mtandaoni, gemu nzima ikimalizwa kwa takriban dakika 11, Mario akipita katikati ya hatari bila kugusa chochote. Aliyeitengeneza ni Mjapani aliyejiita Morimoto. Kwenye tovuti yake alieleza wazi kwamba ameitengeneza kwa kuipunguza kasi gemu na kurudi nyuma kila alipokosea. Video ilisambaa, maelezo yakabaki nyuma, tena kwa Kijapani. Waliodhani wameona kipaji kisicho cha kawaida waliposikia ukweli walihisi wametapeliwa, ingawa mwenyewe hakuwa amedanganya.

Kilichofuata kinastahili kukumbukwa. Desemba mwaka huohuo Joel Yliluoma wa Finland, anayejulikana kwa jina la Bisqwit, alianzisha tovuti mahususi kwa kazi za aina hiyo, ambayo leo inaitwa TASVideos. Kazi iliyofanywa kwa msaada wa programu ilipata jedwali lake, sheria zake na waamuzi wake, ikatenganishwa kabisa na ile inayofanywa kwa mikono mitupu. Tangu hapo kosa halikuwa tena kutumia chombo. Kosa likawa kukificha.

Wakati hayo yakiendelea, Twin Galaxies walikuwa bado wanapima kwa kipimo cha zamani. Steve Wiebe, mkazi wa Redmond, jimbo la Washington, alijirekodi nyumbani kwake mwaka 2003 akifikisha alama 1,006,600 katika Donkey Kong. Rekodi yake ilikataliwa, kwa sababu bodi ya mashine yake ilihusishwa na mtu aliyekuwa hasimu wa Billy Mitchell, aliyeweka rekodi ya gemu hiyo mwaka 1982. Wiebe aliambiwa acheze hadharani. Mwaka 2005 alisafiri hadi ukumbi wa Funspot, New Hampshire, akacheza mbele za watu na kupata 985,600. Hapohapo ikaletwa kanda ya Mitchell yenye alama 1,047,200, naye Mitchell mwenyewe hakuwepo. Kanda ikapokelewa.

Filamu ya The King of Kong ya mwaka 2007 iliwaonyesha watazamaji wa dunia nzima kisa hicho, na filamu ina njia zake za kukuza shujaa na adui. Lakini hata ukiuondoa muziki na uhariri, kiini kinabaki: mmoja aliambiwa kanda haitoshi, mwingine kanda yake ilitosha. Mizani ilikuwa moja, mawe ya kupimia yakawa mawili.

Mwaka 2018 ndipo hesabu zilipofungwa. Mchezaji na mtengenezaji wa programu Eric Koziel alikuwa ameichambua Dragster hadi kwenye mashine yake ya ndani, akajaribu michanganyiko ya amri kwa kompyuta, na matokeo yakasema kwamba muda bora unaowezekana ni 5.57. Rogers alijibu kwamba alianza na gia ya pili. Uchambuzi haukuikubali njia hiyo. Januari mwaka huo Twin Galaxies walifuta rekodi zake zote, na Guinness wakafuata. Wale waliojilaumu kwa kugota 5.57 walikuwa wamefika mwisho wa njia bila kujua.

Mwezi uliofuata Jeremy Young, mtaalamu wa Donkey Kong, alichapisha uchambuzi wa kanda za Mitchell. Alitazama kipande cha sekunde ambapo hatua moja inapisha nyingine. Mashine halisi ya ukumbini huchora hatua mpya kwa mtindo wake, na programu ya kompyuta inayoiga mashine huichora kwa mtindo tofauti. Picha za kwenye kanda, alisema, hazikuwa za mashine. Mjadala uliendeshwa hadharani kwa wiki kadhaa, watu wa pande zote wakileta vipimo vyao. Tarehe 12 Aprili Twin Galaxies waliamua kwamba kanda mbili hazikutoka kwenye mashine halisi isiyochezewa, wakafuta alama zote za Mitchell, na Wiebe akatambuliwa kuwa wa kwanza kupita milioni. Mitchell alikana, akaenda mahakamani. Guinness, waliokuwa wamemfuta pia, walimrudisha Juni 2020 wakisema ushahidi hautoshi.

Kesi iliyofikia kilele cha ustadi huo wa kuchunguza ilikuwa ya gemu ya Minecraft. Mwishoni mwa mwaka 2020 wasimamizi wa jedwali la gemu hiyo katika tovuti ya Speedrun.com walimchunguza Dream, mmoja wa watengenezaji maarufu wa video za gemu duniani. Katika michezo yake aliyoirusha mubashara bahati ilikuwa imemzidi: alipata lulu mara 42 katika mabadilishano 262, ilhali kanuni ya gemu hutoa chini ya mara 5 kwa kila 100, na fimbo za moto alizipata mara 211 kati ya 305, ilhali hutoka nusu kwa nusu. Wasimamizi hao, watu wa kujitolea wasiolipwa, waliandika ripoti ya kurasa 29. Ndani yake walimwachia Dream nafasi ya kila namna: walizingatia kwamba wachezaji ni wengi, kwamba wao wenyewe huenda wamechagua michezo iliyomponza, kwamba mtu anaweza kuacha akishapata bahati. Baada ya punguzo lote hilo walikuta kwamba nafasi ya bahati kama hiyo kutokea ni moja kati ya trilioni 7.5.

Dream alipinga na kuleta ripoti ya mtaalamu asiyetajwa jina, iliyotoa hesabu nyingine. Wasimamizi wakaijibu kwa hesabu, huku baadhi ya mashabiki wake wakiwaandama kwa matusi. Mei 2021 Dream alikiri kwamba programu iliyobadilisha bahati ilikuwemo kwenye gemu yake, akisema hakujua wakati anacheza.

Ripoti ile inafaa kuheshimiwa kwa sababu ilimlinda mtuhumiwa kuliko alivyojilinda mwenyewe. Kila punguzo liliandikwa, kila kanuni ilionyeshwa, na mwanafunzi yeyote wa takwimu aliweza kukaa na kalamu akaikosoa. Wengi walifanya hivyo. Ndivyo haki inavyoonekana pale ambapo hakuna polisi wala hakimu, na ambapo hukumu yote ni jina kufutwa kwenye orodha.

Ndiyo maana mwisho wa kesi ya Mitchell unaacha kidonda. Januari 2024 yeye na Twin Galaxies walipatana nje ya mahakama. Shirika lilitaja maoni ya mtaalamu kwamba mashine halisi iliyochakaa ingeweza kutoa picha kama zile za kwenye kanda, likazirudisha alama zake katika kumbukumbu ya kihistoria, na likakubali kuuondoa hadharani mjadala wa mwaka 2018 pamoja na taarifa zake. Maoni ya mtaalamu ni hoja halali na yalistahili kuwekwa mezani, yapimwe na watu walewale waliopima picha za Young. Badala yake meza yenyewe imeondolewa. Young hawezi kujibiwa pale alipoandika, na Mitchell, kama ni kweli alionewa, hana pa kuwaonyesha watu hatua kwa hatua kosa la waliomhukumu lilikuwa wapi.