Kuseti Taa za Gari Ng'ambo ya Mombasa

Taa ya mbele ya gari ina kazi mbili zinazovutana: kummulikia dereva njia, na kutommwagia mwanga machoni anayekuja mbele yake. Kuseti taa ni kutafuta pale ambapo kazi hizo zinapatana, napo ni padogo kuliko wengi wanavyodhani. Taa iliyo kimo cha sentimita 65 kutoka chini, ikiinamishwa sentimita moja kwa kila mita, huangukia lami mita 65 mbele. Ikiinuliwa digrii moja tu juu ya usawa, mwanga wake ukifika mita 50 huwa karibu mita moja na nusu kutoka chini, yaani kimo cha macho ya mtu mzima aliyesimama kando ya barabara akingoja matatu. Ikiinamishwa mno, sentimita tatu kwa mita, inaishia mita 22 mbele. Gari lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa hukata umbali huo kwa sekunde moja.

Kwa watu wa kisiwa cha Mombasa ng'ambo ni tatu: Kisauni kaskazini, Likoni kusini na Changamwe magharibi. Kila moja ina njia yake ya kuingilia kisiwani. Makupa palijengwa daraja la reli miaka ya 1890, kazi ya reli ya Uganda ilipoanza. Daraja la Nyali, la maboya, lilifunguliwa 1931, na feri ya Likoni ikaanza 1937. Kabla ya magari ya injini kuenea, wenye uwezo kisiwani walisafiri kwa vigari vya reli nyembamba vilivyosukumwa na vibarua, na sehemu kubwa ya ng'ambo ilikuwa minazi, mashamba na vijia vya miguu.

Magari ya mwanzo duniani yalitumia taa za gesi ya asetilini. Maji yalidondokea mawe ya karibidi ndani ya kopo, gesi ikapanda kwa mpira hadi kwenye taa, na mwali ukawaka mbele ya bakuli la chuma kilichong'arishwa. Taa ilishikiliwa na mkono wa chuma nje ya bodi, kwa hiyo kuiseti kulikuwa kulegeza nati, kuisukuma kwa kiganja na kukaza tena. Dereva alifanya mwenyewe. Lakini mwali huo haukuweza kupunguzwa kwa haraka, na magari mawili yalipokutana usiku hapakuwa na la kufanya ila kupunguza mwendo.

Umeme ulibadili mambo. Betri na jenereta zilipoenea katika miaka ya 1910 na 1920, mwanga uliongezeka nguvu na malalamiko ya kupofushwa yakaongezeka nao. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni ya Osram ya Ujerumani ilitoa Bilux, balbu yenye nyuzi mbili, mmoja wa fulu, yaani mwanga wa mbali, na mwingine wa dimu, mwanga ulioshushwa. Uingereza, iliyoitawala Kenya na kuiuzia magari mengi, ilishika kwa miaka kadhaa njia ya ajabu kidogo: dereva alipobonyeza swichi, taa ya kulia ilizimika kabisa, na rifleta ya taa ya kushoto ikavutwa na sumaku ya umeme hadi ikaelekea ukingo wa kushoto wa barabara. Mtambo unaosogea ndani ya taa ni mtambo unaoweza kukwama, na hewa ya chumvi haihurumii chuma wala fedha iliyopakwa juu ya rifleta. Kulegeza nati hakukutosha tena. Kazi ya taa ikahitaji mtu anayejua waya, na mafundi wa umeme wa gari wakapata sehemu yao ya pekee katika gereji.

Sheria nayo ilifuata. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, iliyoanza kutumika 1954, ilitaja taa pamoja na magurudumu miongoni mwa vitu ambavyo gari haliruhusiwi kuwa barabarani visipotimiza masharti. Tangu hapo taa mbovu ni kosa linaloweza kumsimamisha dereva kwenye kizuizi cha polisi. Tatizo ni kwamba askari huona upesi taa isiyowaka, ilhali taa inayowaka vizuri huku imelenga angani hupita bila kuulizwa, hasa mchana.

Kilichoirudisha kazi hii mikononi mwa watu wa kawaida ni taa iliyofungwa pamoja. Marekani iliifanya ya lazima kwa magari mapya kuanzia matoleo ya 1940: kioo, rifleta na nyuzi vikawa kitu kimoja cha duara, inchi saba, kisichoingiza vumbi wala unyevu. Kwa pwani ilikuwa neema, kwa kuwa rifleta haikuguswa tena na hewa. Ikiungua, unatoa nzima na kuweka nyingine. Ilishikiliwa na pete yenye skrubu mbili za kulengea, ya juu kwa kuinua na kuinamisha, ya ubavuni kwa kupeleka kushoto na kulia. Land Rover, malori ya Bedford na magari mengi madogo ya Uingereza yalitumia duara hilo la inchi saba, kwa hiyo fundi aliyejua gari moja alikuwa amejua karibu yote. Bisibisi ilitosha.

Ilihitajika pia njia ya kupima, na njia iliyoenea duniani kote kwa wasio na mashine ni ukuta. Gereji kubwa za mawakala wa magari ziliweza kununua kipimo cha lenzi kinachosukumwa mbele ya taa kwa magurudumu. Fundi wa chini ya mwembe alihitaji ukuta mweupe, chaki, kamba na mahali palipo sawa. Ukuta hupatikana popote. Mahali palipo sawa ndipo shida. Changamwe ni vilima na miteremko, na fundi asiyechagua kiwanja chake vizuri ataseti taa kwa uangalifu mkubwa na bado akazikosea.

Utaratibu wenyewe haujabadilika sana. Kwanza upepo wa magurudumu hukaguliwa, kwa sababu gurudumu moja likiwa laini gari zima huegemea. Mzigo usio wa kawaida hushushwa, au kama gari hubeba mzigo kila siku, huachwa. Gari huletwa karibu na ukuta, vituo vya katikati ya taa zote mbili vikawekewa alama ya chaki na kuunganishwa kwa mstari mmoja wa mlalo. Kisha gari hurudishwa nyuma mita 10 likiwa limenyooka, na mstari wa pili huchorwa sentimita 10 chini ya wa kwanza. Dereva hukaa kwenye kiti chake, maana uzito wake nao ni sehemu ya hesabu. Taa moja hufunikwa kwa gunia au kipande cha katoni, nyingine huwashwa katika dimu, na skrubu huzungushwa polepole hadi ukingo wa juu wa mwanga ulingane na mstari wa chini. Kazi hii hufanywa jua likizama, wakati ukingo unapoonekana na fundi bado anaona skrubu.

Ukingo huo haujanyooka. Tangu 1957, taa za Ulaya zilianza kutengenezwa kwa dimu isiyo na pande sawa: upande wa anayekuja mwanga hukatwa chini, na upande wa ukingo wa barabara hupanda, mara nyingi kwa mshazari wa digrii 15, ili dereva aone watembea kwa miguu na baiskeli. Kenya huendesha kushoto, kwa hiyo mwanga wapaswa kupanda kushoto. Japani nayo huendesha kushoto. Bahati hiyo, isiyotajwa sana, ndiyo iliyofanya maelfu ya magari ya mtumba kutoka Japani yafae barabara za Kenya bila kubadilishwa taa. Uganda na Tanzania ni vivyo hivyo. Rwanda, Burundi, Kongo na Sudan Kusini huendesha kulia, na bandari ya Mombasa ni lango la nchi hizo pia. Lori lililotengenezewa barabara za kulia likipita Changamwe na Miritini usiku kuelekea bara, dimu yake hupanda upande wa kulia, moja kwa moja kwa wanaotoka Mazeras kuja mjini. Hapo hakuna skrubu ya kusaidia, kwa sababu umbo la mwanga limechongwa ndani ya kioo. Nafuu pekee ni kubandika utepe mweusi wenye umbo la pembetatu juu ya sehemu inayopandisha mwanga, au kununua taa nyingine.

Mzigo ni somo jingine la ng'ambo. Matatu zilihalalishwa 1973, na daraja jipya la zege la Nyali lilipokamilika 1980 njia ya Kisauni ikawa mojawapo ya njia zenye abiria wengi. Gari likijazwa watu au mzigo kwa nyuma, springi za nyuma hulala na pua huinuka. Pikapu inayoleta maembe na nazi soko la Kongowea alfajiri imebeba uzito wote upande wa nyuma, na taa zilizosetiwa ikiwa tupu sasa zinamulika majani ya minazi. Fundi mwangalifu huuliza kabla ya kushika bisibisi: gari hili hubeba nini, na hurudi na nini? Akijua, huziinamisha zaidi kidogo. Magari ya baadaye yaliletewa kijiduara karibu na usukani, chenye namba kuanzia 0, cha kushusha taa gari linapokuwa zito. Wengi wanaoendesha magari hayo hawajawahi kukigusa, jambo la kusikitisha, maana hakigharimu chochote.

Likoni ina ugumu wake. Gari hushuka mteremko hadi majini, hupanda sitaha ya feri, na upande wa pili huinua pua kupanda tena. Katika mteremko na mpando, hata taa iliyosetiwa kikamilifu humulika usoni mwa watu, nao kivukoni ni maelfu kwa siku, wanaotembea mbele na kando ya magari. Pahali hapo pa kupandia feri, taa ndogo za kuegeshea hutosha kabisa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ililegeza uagizaji, na magari ya mtumba kutoka Japani yakajaa. Kiwango cha KS 1515 cha mwaka 2000, kinachosimamiwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, kilikuja na masharti yaliyozoeleka: usukani uwe kulia, umri usizidi miaka minane, na gari likaguliwe kabla ya kusafirishwa. Gari hushuka bandarini Kilindini likiwa limeshapimwa kule lilikotoka, na baada ya hapo taa zake ziko mikononi mwa jua na chumvi ya pwani.

Taa hizi za kisasa si za kioo bali za plastiki ngumu, na plastiki hiyo hufifia ikawa njano. Mwanga hupungua, tena hutawanyika, ule ukingo uliokuwa mkali ukutani ukawa ukungu usioweza kulengwa. Kwa hiyo kuseti huanza na kusugua kwa msasa laini na maji, kutoka wa kukwaruza hadi wa kung'arisha; wengine humalizia kwa dawa ya meno. Skrubu zenyewe mara nyingi zina meno ya plastiki yanayovunjika, na taa iliyobadilishwa baada ya ajali hufungwa kwa waya pale mguu wake ulipokatika. Taa iliyofungwa kwa waya haisetiki. Itatikisika kwenye kila tuta hadi itoke mahali pake.

Kosa kubwa zaidi la miaka hii ni balbu. Halojeni ya H4, iliyotoka 1971, ina wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu, na rifleta imechorwa kwa kufuata mahali hasa uzi wake ulipo. Anayeweka ndani yake zenoni au LED ya bei rahisi huhamisha chanzo cha mwanga kwa milimita chache, na milimita hizo zikitoka kwenye rifleta huwa mita barabarani. Dereva huona mwanga mweupe mwingi karibu na bonati, akadhani amepata taa bora. Anayekuja haoni kitu. Bodaboda na tuktuk zimeongeza idadi ya taa za namna hii. Ukaguzi, ambao zamani ulikuwa wa kitengo cha polisi na sasa ni wa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya 2012, unaweza kuzikamata taa hizo kwa gari linalopelekwa kituoni. Magari mengi ya binafsi hayapelekwi.

Magari ya karibuni zaidi yana vihisio kwenye ekseli na injini ndogo ndani ya taa inayoinua na kushusha mwanga yenyewe. Kihisio kikikatika, taa hubaki pale ilipokuwa au hushuka chini kabisa. Fundi huunganisha mashine ya kusoma kompyuta ya gari, hufuta hitilafu na kuirudisha injini ya taa kwenye sifuri yake. Kisha gari husogezwa mita 10 kutoka ukutani, na chaki hutolewa.