Mayai ya Meza ya Pasaka

Yai la rangi juu ya meza ya Pasaka si urembo mtupu. Lilizaliwa na mfungo. Zamani huko Ulaya, Kanisa lilikataza mayai wakati wa Kwaresima. Walakini kuku hawafungi! Basi Pasaka ilipofika mayai yalikuwa tele, yakawa pambo na chakula pia. Mwaka 1290 Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alinunuliwa mayai 450 kwa peni 18, yakatiwa rangi au kuvikwa dhahabu. Maskini alichemsha yake pamoja na maganda ya vitunguu, nayo yakapendeza vilevile. Wagiriki hata leo huyatia rangi nyekundu siku ya Alhamisi Kuu. Pasaka huyagonganisha mezani; mwenye yai lisilopasuka huhesabiwa mwenye bahati, kisha yote huliwa.