Konokono wa Majabalini na Rangi ya Vyombo

Wasomaji wetu wa pwani wajua kwamba chombo kikikaa majini hushikwa na vidudu vya gamba hata kikawa kizito. Wazee wetu walipaka shahamu na chokaa. Wazungu nao, tangu miaka ya 1960, walitia katika rangi za meli dawa ya asili ya bati iitwayo tributiltini. Ikasifiwa mno, kwani kila kilichogusa rangi ile kilikufa.

Basi tazama yaliyomfika mnyama asiyekusudiwa na mtu. Katika majabali ya Uingereza yuko konokono mdogo, urefu wake kiasi cha sentimita 3. Mdogo, lakini ni mwindaji. Humpanda kome, akatoboa gamba kwa ulimi wenye meno huku akililainisha kwa maji ya mwilini mwake, kazi ya siku nzima na zaidi, kisha akamla ndani kwa ndani. (Kome nao si wanyonge kabisa, huweza kumfunga kwa nyuzi zao asiondoke tena.) Zamani za kale watu wa huko walitoa kwake rangi ya zambarau ya kutilia nguo. Baadaye hakuna aliyemjali.

Mwaka 1970 huko Plymouth ilionekana ajabu: majike yameota kiungo cha kiume. Mwaka 1986 wataalamu wa mji huo huo walibainisha kuwa sababu ni rangi ile. Kiasi cha gramu 1 katika tani milioni 1 za maji kilitosha. Njia ya mayai huziba, jike likafa na mayai yake tumboni, na majabali mengi karibu na bandari yakabaki matupu.

Ufaransa ilikuwa imekwisha kuizuia rangi hiyo kwa vyombo vidogo mwaka 1982, na Uingereza ikafuata mwaka 1987. Lakini tusidhani ni huruma kwa konokono. Kilichowaamsha Wafaransa ni chaza wa Arcachon walioharibika magamba, yaani biashara. Meli kubwa ziliachiwa; mkataba wa dunia ulipitishwa mwaka 2001, ukaanza kutumika mwaka 2008.

Amerudi, ila polepole. Watoto wake hawachukuliwi na mikondo kama wa kome. Hutoka katika vifuko vya mayai vilivyobandikwa jabalini, mfano wa punje za ngano, wakatambaa kwa miguu yao, jabali hata jabali.