Meza Chache, Majina Machache: Kura ya Mkenya Aliye Nje na Ushahidi wa Wanajeshi wa 1942 na 1944

Takwimu za Wakenya wanaopigia kura nje ya nchi zina jambo moja ambalo wachambuzi wengi wamelipita bila kulitazama. Mwaka 2013, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) iliandikisha wapiga kura 2,637 katika nchi nne za Afrika Mashariki: Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Mwaka 2017 iliongezwa Afrika Kusini, na idadi ikafika 4,393. Mwaka 2022 nchi zikawa 12, zikiwamo Marekani, Uingereza, Kanada, Ujerumani, Qatar na Falme za Kiarabu, na sajili ikafungwa ikiwa na majina 10,444. Ukigawanya, wastani wa kila nchi mwaka 2017 ulikuwa watu 879. Mwaka 2022 ulikuwa 870. Nchi zenye jamii kubwa za Wakenya ziliingia kwenye hesabu, na wastani haukupanda hata kidogo.

Tafsiri iliyozoeleka ya tarakimu hizi ni kwamba Mkenya wa ughaibuni hana haja na kura. Wenye tafsiri hiyo wanadai kwamba anasema sana, lakini akifunguliwa mlango haingii. Kutokana na tafsiri hiyo hutolewa ushauri wa kisera: haifai kutumia fedha za umma kusafirisha mashine na makarani hadi ng'ambo kwa ajili ya wapiga kura wasiofikia hata watano katika kila 10,000 wa sajili nzima ya watu 22,120,458. Hoja hiyo ina mvuto kwa sababu inaonekana kusimama juu ya hesabu. Makala hii inadai kwamba hesabu hiyo imesomwa kinyume. Kilichopimwa ni wingi wa meza za uandikishaji, wala si hamu ya mpiga kura.

Kuhusu sheria hakuna ubishi mkubwa. Ibara ya 38 ya Katiba ya 2010 inampa kila raia mtu mzima haki ya kuandikishwa na kupiga kura bila vizuizi visivyo vya haki. Ibara ya 82 inaliagiza Bunge litunge sheria ya kuwaandikisha hatua kwa hatua raia wanaoishi nje. Ubishi uko kwenye maneno hayo "hatua kwa hatua". Mwaka 2012, Mahakama Kuu ilipoombwa kuilazimisha Tume iwafikie raia wote walioko nje kabla ya uchaguzi wa 2013, ilikataa kwa msingi kwamba haki hiyo hutekelezwa kidogo kidogo kadiri ya uwezo. Uamuzi huo unaeleweka. Tatizo ni namna ulivyotumiwa baadaye: udogo wa hatua ya kwanza umegeuzwa kuwa sababu ya kufanya hatua ya pili nayo iwe ndogo.

Ili kutenganisha hamu na utaratibu, je, kuna mahali ambapo utaratibu wa kupiga kura ulibadilishwa wakati wapiga kura wakiwa wa kundi lile lile? Mahali hapo pako, na ni ajabu kwamba mijadala ya Afrika Mashariki haipataji. Ni jeshi la Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia.

Septemba 1942, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwawezesha wanajeshi waliokuwa mbali na makwao kupiga kura katika uchaguzi wa viongozi wa shirikisho. Kwenye karatasi ilikuwa sheria ya ukarimu. Iliwaondolea wanajeshi hata kodi ya kura ambayo majimbo kadhaa ya kusini yaliitumia kuwazuia watu weusi na maskini. Ila ilitiwa saini wiki saba hivi kabla ya uchaguzi wa Novemba. Askari alipaswa kupata kadi ya posta, aijaze, aitume kwa ofisi ya jimbo lake, asubiri karatasi ya kura itumwe kambini au melini, aijaze mbele ya ofisa, kisha airudishe ifike kabla ya tarehe ya mwisho. Safari tatu za barua, katikati ya vita, ndani ya wiki saba. Kura zilizopigwa chini ya sheria hiyo zilikuwa karibu 28,000 tu, katika jeshi lililokuwa na mamilioni ya watu.

Aliyetaka kuwasema wanajeshi kuwa ni wazembe alikuwa na tarakimu yake mkononi.

Miaka miwili baadaye mambo yalikuwa tofauti kabisa. Mjadala wa majira ya baridi ya 1943 na 1944 ulikuwa mkali. Waliounga mkono kura moja ya shirikisho kwa wanajeshi wote walipambana na wabunge wa kusini kama John Rankin wa Mississippi, walioona kwamba kura hiyo ingefungua mlango kwa askari weusi, na pia na Warepublican wengi waliohofia kwamba askari wangempigia amiri jeshi wao mkuu, yaani rais aliyekuwa madarakani, Roosevelt. Januari 26, 1944, Rais Roosevelt aliliandikia Bunge akisema kwamba muswada wa kuyaachia majimbo kazi yote ni ulaghai kwa wanajeshi. Sheria iliyotoka Aprili ilikuwa ya maridhiano, naye akaiacha ianze kutumika bila saini yake. Kura ya shirikisho, karatasi fupi yenye nafasi tupu ambamo askari aliandika kwa mkono wake jina la mgombea au la chama, ilitumika katika majimbo yaliyoiridhia tu.

Hata hivyo shinikizo lilikuwa limefanya kazi yake. Majimbo mengi, mengine kwa vikao maalumu vya mabunge yao, yalirekebisha sheria. Kadi za maombi ziligawiwa vikosini, na maofisa wakapewa jukumu la kuhakikisha zinajazwa na kusafirishwa. Novemba 1944 zilihesabiwa kura za wanajeshi zipatazo milioni 2.6.

Tarakimu hizo mbili zinahitaji tahadhari. Zile 28,000 ni kura zilizopita katika sheria ya shirikisho peke yake, na wapo waliotumia sheria za majimbo yao. Mwaka 1942 haukuwa mwaka wa kumchagua rais, na kati ya chaguzi hizo mbili jeshi liliongezeka zaidi ya maradufu. Lakini ukiyajumlisha yote hayo hayafikii ongezeko la takriban mara 90. Kura za nchi nzima zilipanda kati ya 1942 na 1944 bila kufikia hata maradufu. Sehemu kubwa ya tofauti haielezeki kwa jambo lingine isipokuwa utaratibu: muda ulitosha, karatasi ilimfuata mpiga kura alipo, na palikuwa na mtu anayewajibika kuifikisha.

Marekani iliendelea na njia hiyo. Sheria ya 1986 iliwaweka pamoja wanajeshi, wake na waume zao, wategemezi wao, na raia wote wanaoishi ng'ambo. Mwaka 2009 majimbo yalitakiwa kutuma karatasi za kura angalau siku 45 kabla ya uchaguzi na kuruhusu zipelekwe kwa njia ya elektroniki. Waliolengwa ni watu kama wale waliosumbuka mwaka 1942: watu ambao barua zao hazikurudi kwa wakati.

Sasa itazamwe Kenya ya 2022. Uandikishaji wa ughaibuni ulifanyika kwa majuma mawili hivi. Kwa kuwa sajili ni ya alama za vidole, mwombaji alipaswa kufika mwenyewe mbele ya mashine, na mwezi wa Agosti afike tena kupiga kura. Nchini Marekani vituo vilikuwa Washington, New York na Los Angeles. Muuguzi Mkenya anayeishi Dallas alikuwa na zaidi ya kilomita 1,900 hadi cha karibu, na safari ilikuwa ya mara mbili, yote kwa ajili ya kura moja ya urais, maana ya gavana, seneta na mbunge hairuhusiwi nje.

Hali ya Ghuba ni nzito zaidi. Uchaguzi wa Kenya huwa Jumanne. Nyumbani siku hiyo ni ya mapumziko, lakini Doha, Qatar, ni siku ya kazi kama nyingine. Mfanyakazi wa nyumbani anayepata ruhusa ya kutoka Ijumaa tu, na ambaye pasi yake iko kabatini kwa mwajiri, hawezi kujiandikisha wala kupiga kura hata kama kituo kiko mtaa wa pili. Na huyo angalau nchi yake ya kazi ilikuwa kwenye orodha. Saudi Arabia, yenye maelfu kwa maelfu ya Wakenya na iliyo miongoni mwa vyanzo vikubwa vya fedha zinazotumwa nyumbani, haikuwamo. Fedha hizo kwa jumla zilizidi dola bilioni 4 mwaka 2022. Kuhitimisha uzembe kutoka kwenye sajili ya namna hii ni kupima kiu ya kijiji kwa kuhesabu ndoo zilizojazwa kwenye bomba lililofunguliwa saa moja.

Wanajeshi ndio wanaoliweka wazi zaidi suala hili. Vikosi vya Kenya viliingia Somalia Oktoba 2011. Chaguzi kuu tatu zilipita, 2013, 2017 na 2022, wakiwa huko, na Somalia haikuwa hata mara moja kati ya nchi zenye vituo. Hapa dai la kutojali halina pa kushika, kwa sababu askari hachagui kuwa Somalia. Ametumwa na serikali ile ile inayoandaa uchaguzi. Familia yake nayo inahamishwa kutoka kambi hadi kambi, na mke aliyejiandikisha Nakuru akijikuta Isiolo bila kuhamisha kura yake hubaki nje ya orodha ya kituo. Wafungwa wa Kenya walipiga kura mwaka 2017, na ilikuwa haki. Ni vigumu kueleza kwa nini gereza linafikika na kambi ya jeshi haifikiki.

Pingamizi la maana zaidi linahusu imani katika matokeo. Nchi ambayo Mahakama ya Juu yake ilibatilisha uchaguzi wa rais Septemba 2017 haiwezi kubahatisha na kura inayosafiri kwa barua, na mfano wa jimbo la Florida katika uchaguzi wa rais wa Marekani wa mwaka 2000 unatisha. George W. Bush alishinda huko kwa kura 537. Uchunguzi wa New York Times uligundua kwamba kati ya kura 2,490 za ng'ambo zilizokubaliwa baada ya siku ya uchaguzi, 680 zilikuwa na kasoro. Katika uchaguzi wa Kenya wa 2022, ambamo tofauti kati ya wagombea wawili wa kwanza ilikuwa kura 233,211, kura za nje zikiongezeka mara ishirini zingeweza kuzua kesi. Lakini chanzo cha fujo ya Florida kilikuwa kila kaunti kutumia vigezo vyake kuhusu mihuri na tarehe. Kenya ina tume moja na sheria moja, hivyo hatari hiyo inaweza kuzibwa kwa kanuni moja iliyotangazwa mapema.

Pingamizi la pili ni zito kidogo. Hata baada ya mageuzi ya 2009, makadirio ya serikali ya Marekani yenyewe yanasema kwamba mwaka 2020 ni asilimia 7.8 tu ya raia wake watu wazima wa ng'ambo waliopiga kura. Huenda basi umbali unapunguza hamu kweli. Ila wengi katika kundi hilo wamehama kabisa, na wengine hawajawahi kuishi Marekani. Mkenya wa Doha ana mkataba wa miaka michache, ana watoto shuleni Kakamega au Kilifi, na bei ya unga wanayolipa ndiyo inayoamua atume kiasi gani mwisho wa mwezi.

Nchi nyingine za Afrika hazijasubiri. Msumbiji imetenga viti viwili kati ya 250 vya Bunge kwa raia wake walioko nje. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliwafungulia vituo raia wake walio katika nchi tano Desemba 2023. Kinachohitajika Nairobi ni jaribio la kweli: uandikishaji wa mwaka mzima katika ubalozi wa Riyadh, pamoja na makarani wanaozunguka Jeddah na Dammam siku za Ijumaa, sanduku la kura linalosafiri na vikosi, na kura ya mapema kwa wasiopata ruhusa Jumanne. Baada ya hapo majina yahesabiwe upya. Yakiwa bado machache, wanaodai kwamba Mkenya wa nje hajali watakuwa wamepata ushahidi ambao mpaka leo hawana.