Mashua ya Teddington Mabegani mwa Wapagazi

Historia ya vyombo vya anasa huandikwa kwa kumtaja muundaji, kisha umbo la chombo, kisha mteja aliyekilipia. Kwetu Mvumi, katikati ya nchi kavu ya Ugogo, mpangilio huo hautoshi. Chombo kimoja kilichotoka katika karakana ya mashua za starehe nchini Uingereza kilivuka nchi hii ya Wagogo bila kugusa maji, kikiwa mabegani mwa watu. Jina lake lilikuwa Lady Alice, na katika historia yake wabebaji wana haki ya kutajwa pamoja na fundi.

Tuanze na fundi, maana naye ana kisa chake. James Messenger alikuwa na karakana Teddington, ukingoni mwa mto Thames, si mbali na London. Kabla ya kujulikana kwa randa na nyundo alijulikana kwa makasia. Mwaka 1854 alitwaa ubingwa wa kupiga makasia, akaushikilia hadi 1857 alipovuliwa na Harry Kelley. Mwaka 1862 akawa msimamizi wa mashua za kifalme za Malkia Victoria. Kwa mwenye biashara ya kuunda mashua, hakuna tangazo lililopita hilo. Enzi hizo mto Thames ulikuwa ukigeuka uwanja wa starehe. Reli ilimfikisha mkazi wa London mtoni kwa muda mfupi, mashindano ya Henley yalikuwa yakifanyika tangu 1839, na mwenye nafasi alitaka mashua ya kutembezea familia yake siku za mapumziko. Wateja wa aina hiyo walilipia wepesi na urembo: ubao mwembamba, umbo refu, chombo kinachoteleza juu ya mto uliotulia.

Mwaka 1874 akaja mteja wa namna nyingine. Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa amejipatia sifa kwa kumkuta Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, alikuwa amegharimiwa na magazeti mawili, Daily Telegraph la London na New York Herald la Marekani, avuke Afrika na kuyazunguka maziwa yake makuu. Agizo lake lilikuwa chombo chenye urefu wa futi 40, yaani mita 12 hivi, na upana wa futi 6, kinachoweza kufunguliwa vipande vitano vya futi 8 kila kimoja. Ubao ulikuwa wa mwerezi wa Kihispania, mti wa Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi ambao pia hutengenezewa makasha ya sigara. Jina akalipa la mchumba wake, Alice Pike, binti tajiri wa Kimarekani aliyeahidi kumngoja. (Hakumngoja. Mapema mwaka 1876, mashua yenye jina lake ikiwa bado katika maziwa yetu, aliolewa na mtu mwingine.)

Hapa ndipo historia ya umbo la chombo inaponivutia kuliko sifa za ubao wake. Mashua ya Thames hupimwa kwa maji: itaelea namna gani, itabeba wangapi, itakwenda kasi gani. Lady Alice ilipaswa kupimwa kwanza kwa bega la mpagazi, na bega hilo halikuwahi kufika Teddington. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kiasi cha kilo 30. Vipande vya Messenger vilipofika Zanzibar na kupimwa, vilionekana kuwa vizito kiasi kwamba visingefika popote katika vijia vya bara, maana kila kimoja kilizidi kilo 100. Ikabidi seremala apatikane hukohuko Zanzibar, avikate na kuvipunguza. Fundi wa Malkia aliijua vyema kazi yake, lakini hakumjua mtu atakayeibeba kazi hiyo.

Msafara uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 ukiwa na watu 356 kwa hesabu ya Stanley, wengi wao waungwana wa Zanzibar na Wanyamwezi. Wabebaji wa mashua walichaguliwa kwa nguvu zao, wakawa wanapokezana. Walivuka Mpwapwa, wakaingia Ugogo wakati wa mvua. Krismasi iliwakuta mahali ambapo Stanley anapaita Zingeh, hema limejaa matope na chakula ni adimu. Waliotoroka walikuwa wengi, na waliokufa hawakuwa wachache.

Lazima niseme neno kuhusu hongo, kwa sababu wasomaji wangu wengi ni watumishi wa umma na watalielewa upesi. Katika safari yake ya 1871 Stanley alipita hapa Mvumi, na vitabu vyake vimejaa manung'uniko dhidi ya watemi wa Kigogo waliomtoza nguo na shanga. Wasafiri wa Kizungu waliliita jambo hilo unyang'anyi, na baadhi ya vitabu vyetu vya shule viliurithi mtazamo huo bila kuuchunguza. Lakini fikiri: msafara wa mamia ya watu unaingia nchi yenye uhaba wa maji, unakunywa visima vilivyochimbwa na wenyeji, unanunua nafaka hadi bei inapanda, kisha unaendelea na safari. Mtemi anayedai malipo kabla ya kufungua njia anafanya lile linalofanywa na kila mamlaka yenye mipaka. Stanley alikuwa tayari kulipa bei ya mwerezi ng'ambo ya bahari, ila maji ya Ugogo aliona ni ya bure.

Tarehe 8 Machi 1875 mashua iliunganishwa na kushushwa Ziwa Victoria, pale Kagehyi, kusini mwa ziwa. Kwa siku 57 ililizunguka ziwa na kuthibitisha dai la Speke kwamba ni ziwa moja kubwa. Njiani ilimfikisha Stanley kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, na kutokana na ziara hiyo ikaandikwa barua ya kuomba wamisionari, ikachapishwa katika Daily Telegraph mwezi Novemba mwaka huohuo. Jumuiya ya CMS iliitikia. Wamisionari wake wa kwanza waliokuwa wakielekea Buganda walifungua kituo Mpwapwa mwaka 1876, na kutoka huko kazi yao ikafika Mvumi mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo anayetibiwa leo katika hospitali ya misheni hapa Mvumi anaguswa na tawi la mbali la kisa hiki.

Tawi jingine ni chungu. Katika kisiwa cha Bumbire wenyeji waliivuta Lady Alice nchi kavu na kuwanyang'anya waliokuwamo makasia. Agosti 1875 Stanley alirudi na mitumbwi na bunduki, akawapiga risasi watu waliokuwa ufukweni, makumi walikufa. Hata Uingereza kwenyewe wapo waliomlaani kwa tendo hilo.

Mshika usukani wa mashua aliitwa Uledi. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, aliwaokoa watu 13 wasizame. Tarehe 3 Juni 1877, katika mto Kongo, Frank Pocock, Mwingereza wa mwisho kati ya wasaidizi wa Stanley, alitaka mtumbwi upitishwe kwenye maporomoko. Uledi aliyakagua maji, akasema hayapitiki. Pocock akawashutumu kuwa ni waoga, wakaingia. Pocock alizama, Uledi aliokoka. Mwisho wa Julai wapagazi waliiburuta Lady Alice juu ya mawe karibu na maporomoko ya Isangila, wakaiacha hapo ikauke juani, wao wakaendelea kwa miguu kuelekea Boma na bahari ya Atlantiki.

Waliorudi Zanzibar Novemba 1877 walizidi mia moja kwa wachache tu. Wakati wa kulipana ulipofika, walijitokeza pia jamaa za waliokufa njiani, kila mmoja akitaja jina la marehemu wake na kudai mshahara aliouacha.